Aliyefagia Nje ya Hekalu

Muthara,
19 Mei 1996

Mpendwa Tata Cicily,

Kuna uongo niliokuambia ambao sijamfunulia mtu yeyote, hata Ciku ambaye analala kitanda cha chini yangu. Mwezi wa Aprili hatukufunga shule Ijumaa kama nilivyokuandikia. Tulifunga Alhamisi. Nimelitaja hapa juu kabisa ili nisije nikaingiwa na woga baada ya kukusalimu.

Sasa nakusalimu. Kifua chako kimepata nafuu? Mwambie mwanao Njue kitabu chake cha hesabu nilikisahau ndani ya sanduku langu, nitakirudisha, asilie. Huku mvua imekuwa nyingi hata nguo hazikauki. Mwalimu wa Kiswahili amenipa ufunguo wa kabati la vitabu, kwa hiyo mimi ndiye ninayeandika majina ya wanaoazima. Naipenda kazi hiyo kwa sababu haihitaji maneno mengi.

Siku hiyo ya Alhamisi nilishukia Embu kama kawaida, lakini sikuja nyumbani Majimbo. Nilipanda pikapu ya kwenda Gachoka. Kwa kina Ciku ni huko, na alikuwa amenieleza juu ya kilima chenye nyumba ya mawe ambayo wenyewe wanaiita Hekalu. Waumini wake huvaa nyeupe na huomba jua linapotua. Ciku alisema ukiwa juu pale husikii chochote, hata mbuzi. Mimi mambo mengi nimeyajua kwa kusoma. Nilitaka kuona kitu kimoja peke yangu kabla mtu hajaniambia kilivyo.

Nilipanda peke yangu. Njia inaanzia kwenye jiwe kubwa, kisha inazunguka kilima mara mbili. Hekalu lenyewe ni dogo kuliko darasa letu, na mlango wake unatazama machweo. Ua ulikuwa umefagiliwa hadi alama za ufagio zikaonekana kama nywele zilizochanwa. Alikuwepo mwanamke mzee, ameshika ufagio wa vijiti.

"Umepotea?" akaniuliza.

"Hapana. Nimekuja kuona."

"Kuona nini? Hapa hakuna sinema."

"Kuona jua likitua."

"Jua! Kwani huko kwenu halitui?"

Nilicheka, Tata. Unajua mimi sicheki na wageni. Akaniuliza kama nimekula, na kabla sijajibu akanipa uji katika kibuyu. Kisha akauliza jina langu. Nikasema Agnes.

"Hilo ni la kanisani. La nyumbani je?"

Nikainamia kibuyu nikanywa uji. Wewe dada ya mama, uliyenilea, ndiye uliyenifunza nisimpe mtu nisiyemjua jina la nyumbani. Hakunilazimisha. Alisema tu, "Basi, wewe ni msichana wa jua," akaketi kwenye ngazi, nami nikaketi karibu yake.

Wakaja watu watatu waliovaa nyeupe. Walivua viatu, wakaingia, wakafunga mlango. Yeye alibaki nje. Nikamuuliza kwa nini haingii. Akasema, "Mimi ni wa nje," kama mtu anayesema mimi ni wa Gachoka.

Upande wa kulia Mlima Kirinyaga ulikuwa umetoa kichwa mawinguni. Mbele yetu, mbali sana, maji ya mashamba ya mpunga ya Mwea yaliwaka moja baada ya jingine, kisha yakazimika moja baada ya jingine. Sijawahi kukaa na mtu mgeni muda mrefu hivyo bila kutafuta njia ya kuondoka.

Jua lilipokwisha, mwanamke mmoja akaita kutoka chini, "Igoki! Wee Igoki!" Nilifungua kinywa niitikie. Yule mzee akaitikia kabla yangu.

Ningesema hapo hapo kwamba hata mimi ni Igoki. Lakini nilikuwa nimekwisha kujiita Agnes, na niliona haya kuonekana mwongo. Nikaaga nikashuka, nikalala kwa kina Ciku, na Ijumaa nikafika nyumbani na sanduku langu kana kwamba nimetoka shuleni.

Kando ya mlango palitundikwa kiondo chenye mstari wa buluu. Nimekikumbuka. Nikiwa na miaka sita au saba kulikuwa na mwanamke aliyekuja langoni kwetu kila Agosti na kiondo kama hicho, kimejaa ndengu. Ulikuwa unazimwagia kuku zile ndengu. Ni yeye?

Nisamehe kwa uongo wangu.

Ni mimi,
Agnes

*

Embu,
10 Juni 1996

Mpendwa Agnes,

Barua yako niliipata siku nyingi zilizopita. Nimekawia kujibu kwa sababu ofisini tumehamishiwa jengo lingine, na mashine yangu ya chapa ikaangushwa njiani na wale vijana wa kubeba. Sasa herufi ya "r" inaruka. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono.

Sisi ni wazima. Njue amekuwa wa kumi na moja darasani, nimempongeza kidogo tu asivimbe kichwa. Nyanya yako Ciarunji anakusalimu kutoka Runyenjes. Ng'ombe wake amezaa ndama jike na anasema atakuwekea maziwa. Mama Purity wa jirani ameanza tena kuanika nguo kwenye kamba yangu. Nakutumia sabuni vipande viwili na chupi tatu. Usiwaazimishe watu.

Kuhusu ulichoandika. Ulinidanganya, na ukija tutaliongea. Msichana wa miaka kumi na saba hapandi vilima peke yake kutazama jua. Jua liko hata hapa Majimbo.

Igoki ni jina la watu wengi. Huko Mbeere ni wengi kuliko mbuzi. Wewe ulipewa jina la muuguzi aliyekupokea ulipozaliwa, nimekuambia mara mia. Wanawake wa kuuza ndengu wamepita langoni kwetu wengi pia.

Usirudi huko. Soma.

Tata yako,
Cicily

*

Muthara,
23 Juni 1996

Mpendwa Tata,

Pole kwa mashine. Asante kwa sabuni na zile nguo. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Njue nimempongeza, na mimi sipunguzi.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali uliposema "si yeye". Hakuna.

Basi nimefanya utafiti wangu. Bweni letu lina wasichana thelathini na wawili, wa Tigania, wa Imenti, wa Embu, wa Mbeere. Nimewauliza wote walivyopata majina. Unajua ilivyo vigumu kwangu kumwendea mtu na kumuuliza jambo. Nilianza na wale wanaopenda kuongea. Kila msichana wa kwanza ana jina la mama ya baba yake. Wale ambao baba hajulikani wana jina la mama ya mama yao. Kama mimi sikuwa na baba, jinsi mnavyosema siku zote, ningeitwa Ciarunji. Ndama yule angekuwa wa nyanya mwenye jina langu.

Hakuna hata mmoja aliyepewa jina la muuguzi. Walicheka nilipowauliza. Mmoja akasema, "Muuguzi ana watoto elfu, nani atabeba jina lake?"

Tata, sikuulizi mengi. Naomba ruhusa mwezi wa Agosti niende Gachoka siku moja. Nataka kumwambia jina langu, basi. Nilimnyima akiwa amenipa uji wake. Nikilala nasikia namna alivyosema "la nyumbani je?"

Nijibu.

Agnes

*

Embu,
21 Julai 1996

Mpendwa Agnes,

Salamu nyingi. Huku baridi imeingia, asubuhi hatuuoni hata mtaa wa pili. Kifua kimenisumbua wiki mbili, sasa naendelea vizuri. Njue amevunja dirisha la Mama Purity kwa mpira, sasa nguo zake kwenye kamba yangu siwezi kuzisema tena.

Nimekununulia sweta. Nitakupa ukija.

Lile jambo si la barua. Barua zenu zinafunguliwa na walimu, na sitaki mambo ya nyumba yangu yasomwe na mwalimu wa zamu akinywa chai. Ukimaliza kidato cha nne tutaketi tuzungumze, mimi na wewe.

Mkifunga shule utakuja moja kwa moja. Nimempigia simu karani wenu, najua ni tarehe ngapi. Nitakuwa stendi nikikungoja.

Tata yako,
Cicily

*

Muthara,
22 Septemba 1996

Tata,

Hamjambo. Mimi sijambo. Nimesalimu kwa sababu ndivyo ulivyonifunza.

Jumamosi tarehe kumi na saba Agosti ulivaa lile gauni lako la buluu la ofisini, ukaniambia unakwenda harambee Runyenjes. Gauni nililipiga pasi mimi. Nilitia makaa mara mbili kwa sababu mikunjo ya mikono ilikuwa haikai. Ulirudi jioni ukasema harambee ilikuwa nzuri, watu walikuwa wengi. Viatu vyako nilivipangusa mimi. Vilikuwa na mchanga mweupe kama wa Gachoka. Udongo wa Runyenjes ni mwekundu, Tata, hata Njue anajua. Niliuona ule mchanga na nikanyamaza, kama ninavyonyamaza siku zote.

Tumefungua shule na Ciku ameniambia. Aliniambia kama habari tu, akitandika kitanda. "Yule nyanya aliyekuwa anafagia kule juu amezikwa. Aliugua tangu Julai. Na hutaamini, nilimwona tata yako, yule aliyekuja siku ya wazazi na keki. Alisimama pale chini kwenye jiwe mpaka watu wakashuka. Kwani ni jamaa yenu?"

Nikamjibu sijui. Nina miaka kumi na saba, naulizwa kama mtu ni jamaa yangu, na jibu langu ni sijui!

Halafu akasema mama yake alikuwa akimpelekea maziwa mgonjwa, na kila mara mgonjwa aliuliza, "Yule msichana wa jua, Agnes, atarudi lini?"

Agnes. Alikufa akiulizia Agnes. Nilikuwa kwako Majimbo, saa moja tu kutoka hapo, nikichambua mchele. Wewe ulijua anaumwa, ukanunua sweta. Ulijua amekufa, ukanipa gauni nipige pasi.

Sweta nimempa msichana wa kidato cha kwanza ambaye hana. Usinitumie sabuni. Ukishindwa kuandika ukweli kwa mkono, uandike kwa mashine, hata kama "r" inaruka. Mwalimu wa zamu na asome. Afadhali yeye ajue kuliko nisijue mimi.

Igoki

*

Embu,
13 Oktoba 1996

Igoki,

Nimeianza barua hii mara nne. Hii ya tano naipeleka posta hata ikiwa mbaya.

Mama yako Mukami alikuwa mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na tisa. Alimpenda Nthiga wa Gachoka, akamfuata, na watu wa Nthiga walikuwa watu wa Hekalu. Sheria yao ilikuwa hakuna dawa na hakuna hospitali. Mwezi wa Machi 1979 Mukami alishikwa na uchungu siku mbili. Siku ya pili wakambeba wakampandisha kule juu akaombewe. Mama ya Nthiga ndiye aliyekuwa mkunga wao. Ndiye Igoki.

Mkuu wao alisema jua likishatua maombi yatakuwa yametimia, na asitolewe kabla. Wewe ulizaliwa jua likiwa bado juu. Mukami akaendelea kutoka damu, nao wakaendelea kungoja jua. Mama ya Nthiga alikufunga kwa leso yake akatoka, akashuka mbio nawe hadi zahanati. Aliporudi na watu wa machela, jua lilikuwa limetua na Mukami alikuwa amekwisha kwenda. Ulipoketi ukatazama maji ya Mwea yakiwaka, mlango mmoja tu ndio uliokuwa kati yako na pale mama yako alipolala. Sasa unajua kwa nini niliposoma barua yako ya Mei nilitoka ofisini nikasimama chooni nusu saa.

Mimi nilifika zahanati kesho yake. Alikuwa amekwisha kukuandikisha kwenye kadi: Igoki. Nilitaka kulifuta. Karani akakataa. Nthiga alikwenda kutafuta kazi kwenye mabwawa ya Tana, homa ikamchukua kabla hujatimiza mwaka.

Ndiyo, ni yeye aliyekuwa akija langoni. Kila Agosti. Hakuwahi kuomba kukushika. Aliuliza neno moja tu, "Mtoto anakula?" akaziacha ndengu zake, nami nikamfungia lango. Watu waliniambia nimshukuru kwa sababu alikuokoa. Mimi nilipomtazama nilimwona mtu aliyekuwa na wawili mikononi akashuka na mmoja. Kwa nini hakumbeba dada yangu? Kwa nini hakupiga kelele kijiji kizima kikapanda? Miaka kumi na saba namuuliza hivyo moyoni, na sikumpa nafasi hata mara moja ya kunijibu.

Siku ya mazishi nilifika hadi kwenye jiwe. Sikupanda. Sijui nilikwenda kufanya nini. Labda kuhakikisha.

Kukuficha ugonjwa wake, ambao watu wa Gachoka waliniletea habari zake Julai, lilikuwa kosa langu, silipambi. Lakini sitasema kwamba hasira yangu kwake imeisha, kwa sababu haijaisha, na wewe umesema unataka ukweli.

Sijatuma sabuni.

Cicily

*

Muthara,
3 Novemba 1996

Tata Cicily,

Natumaini kifua kimetulia na Njue hajavunja kitu kingine. Nyanya Ciarunji mwambie maziwa nitayanywa Desemba.

Barua yako niliisoma nyuma ya jiko la shule mpaka kengele ikanipita. Sikujua kwamba kwa mama yangu jua lilingojwa namna hiyo. Ningejua, nisingelitazama. Ndivyo nilivyofikiri kwanza. Halafu nikakasirika upya, kwa sababu ungeniambia ningewajua wote wawili, yeye aliyefia ndani na yeye aliyenibeba. Ulinificha wote wawili ili usimwone mmoja. Nina hasira nawe, Tata. Sijui itaisha lini. Nakuambia mapema ili Desemba usishangae nikiwa kimya, maana ukimya wangu wa zamani haukuwa wa hasira na huu ni wa hasira.

Tulipewa likizo fupi tarehe ishirini na tano Oktoba. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua ya ruhusa na nikaandika ukweli: naenda kwenye kaburi la mama ya baba yangu. Akatia sahihi bila kuuliza. Ilikuwa rahisi hivyo tu.

Jumamosi Ciku alinisindikiza mpaka kwenye jiwe. Nililishika pale nilipodhani ulisimama wewe. Kisha nikapanda.

Kaburi liko nje ya ua, nyuma ya miti ya manyara. Hawakumzika ndani. Mzee mmoja, Nyamu, ndiye anayetunza mlango. Nilimuuliza kwa nini amezikwa huko.

"Alitolewa katika kusanyiko," akasema. "Zamani. Alimpeleka mtoto kwa wauguzi."

"Na hakuruhusiwa kurudi?"

"Aliruhusiwa! Kila mwaka, kusanyiko la Agosti, tulimwita. Asimame mbele ya watu aseme alikosa, basi, aingie. Mwanamke mgumu yule. Kila mwaka anasimama pale mlangoni, anasema neno moja, halafu anachukua ufagio wake."

"Anasema nini?"

"Anasema, 'Mtoto anakula.'"

Tata, nimeyaandika maneno haya kama alivyoyatamka. Ndiyo maana alikuja langoni kwetu kila Agosti kabla ya kusanyiko lao. Alikuja kutafuta jibu la kuwapa. Ulimfungia lango, lakini mimi nilikuwa uani nikicheza, na nadhani aliniona kupitia matundu ya mabati. Aliporudi huku alijibu.

Yule mzee aliniuliza mimi ni nani. Sikumjibu yeye. Nilikwenda kaburini nikasema, "Igoki." Ilitoka ndogo kama ninavyosoma darasani. Nikarudia kwa nguvu mpaka Nyamu akageuka.

Ufagio wake ulikuwa bado umeegemea ukuta wa nje. Ua ulikuwa umejaa majani, inaonekana hakuna aliyeugusa tangu Agosti. Nikafagia ua wote, kuanzia kwenye ngazi hadi kwenye manyara, alama za ufagio zikaonekana. Kisha nikapanda zile ngazi na kusukuma mlango.

"Wee msichana!" Nyamu akapiga kelele. "Vua viatu! Hapa ni patakatifu!"

Sijawahi kumjibu mtu mzima vibaya. Wewe unajua.

"Nilizaliwa humu ndani," nikamwambia. "Sivui."

Nikaingia na viatu vyangu vyeusi vya shule. Ndani hamna kitu, ni mikeka na dirisha moja dogo. Sikujua ni upande gani mama alilala, kwa hiyo nikafagia pote. Nilianzia ukuta wa mwisho, nikainua kila mkeka, nikasukuma vumbi lote hadi mlangoni na kulitupa nje mbele ya Nyamu. Alisimama tu, mikono kiunoni, akisema waumini wanakaribia kuja kwa maombi ya machweo. Nikamwambia waje.

Ufagio niliuacha ndani, umesimama kwenye ukuta unaotazama mlango. Nikachukua mkoba wangu nikashuka. Nilipofika kwenye jiwe jua lilikuwa bado juu, na sikugeuka kulitazama.

Igoki wa Nthiga